Ofisa wa sitaha katika meli za kitalii: cheo kisichopatikana bila muda wa bahari

Meli kubwa ya kitalii huendeshwa na idara tatu, ambazo abiria huziona kama kitu kimoja lakini kwa mabaharia wenyewe kila moja ina sheria zake, vyeti vyake na ngazi zake za kupanda. Idara ya hoteli, yenye watu wengi kupita zote, huhudumia vyumba, majiko, mikahawa na burudani. Idara ya mitambo huangalia injini, umeme, maji na hewa. Na idara ya sitaha hubeba dhamana ya kuiongoza meli kutoka bandari moja hadi nyingine, kuifunga gatini na kuhakikisha kwamba kila aliyepanda anashuka salama. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaopata ajira katika meli hizi huingia kwa mlango wa hoteli, na si ajabu kumkuta miongoni mwao anayeamini kwamba bidii ya kazi itampandisha hatua kwa hatua hadi chumba cha usukani. Imani hiyo inafaa kusahihishwa mapema, kwa sababu miezi ambayo mtu ameitumikia meli mezani au jikoni, hata iwe mingi namna gani, haihesabiwi kuwa muda wa bahari unaotakiwa kwa cheti cha ofisa wa sitaha. Anayetaka kushika usukani hana budi kuingia kwa mlango wa usukani tangu mwanzo.

Ofisa wa sitaha ni baharia mwenye cheti cha umahiri, yaani hati inayotolewa na mamlaka ya usafiri wa majini ya nchi baada ya masomo, muda wa kazi baharini na mitihani, inayomruhusu kuongoza meli ya ukubwa fulani kwa cheo fulani. Ngazi huanza kwa kadeti, ambaye ni mwanafunzi aliye kazini, kisha hupanda kwa ofisa wa tatu, ofisa wa pili na ofisa wa kwanza, ingawa meli kubwa za kitalii huzigawa ngazi hizo zaidi na kuongeza ofisa wa usalama, anayesimamia vifaa vya kuzima moto na vya kuokolea pamoja na mazoezi ya dharura. Juu yao yupo naibu nahodha, mwenye sifa kamili za unahodha na aliye tayari kuishika meli wakati wowote, na juu ya wote ni nahodha. Chini ya maofisa wapo serahangi na mabaharia wa sitaha, wanaofanya kazi za kamba, nanga, rangi na maboti, na ambao, tofauti na wenzao wa hoteli, muda wao wa bahari unaweza kuwafikisha kwenye uofisa iwapo watasoma na kufaulu mitihani.

Kazi ya kila siku ya ofisa huyu imejengwa juu ya zamu, yaani kipindi ambacho uongozaji na usalama wa meli huwa mikononi mwake kwa niaba ya nahodha. Utaratibu ulioenea ni wa saa nne za zamu zinazofuatwa na saa nane nje ya zamu, mara mbili kwa siku, hivi kwamba anayeshika zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri huirudia saa sita mchana hadi saa kumi jioni. Katika muda huo hutazama bahari kwa macho na kwa rada, huhakiki mahali meli ilipo, na hutumia Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, ambazo huamua nani apishe na nani ashike njia yake: kwa mfano, meli mbili zinazoendeshwa kwa mitambo zinapokatana njia kwa namna inayoweza kuleta mgongano, ile inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayopaswa kupisha. Kanuni hiyo husomeka kwa urahisi darasani, lakini kuitumia usiku wa giza, katika mlango wa bahari wenye meli ishirini, mashua za wavuvi zisizo na taa na mkondo unaosukuma upande, huhitaji utulivu ambao mtu huupata kwa kuzoea tu.

Kabla ya meli kung'oa nanga, mpango wa safari huwa umekwisha kuandaliwa kutoka gati hadi gati, na katika meli nyingi kazi hiyo ni ya ofisa wa pili. Mpango huo huonyesha kina cha maji, miamba, mikondo, nyakati za maji kujaa na kupwa, mahali pa kumpokea rubani wa bandari, na mahali ambapo, ikiwa jambo litaharibika, meli itakuwa bado na nafasi ya kugeuka. Ramani za karatasi zimepisha mfumo wa ramani za kielektroniki, ambao ulilazimishwa kwa awamu kuanzia mwaka 2012 hadi 2018 kwa meli nyingi za safari za kimataifa. Hata hivyo, ofisa bado hutakiwa kujua kuhakiki mahali alipo kwa kupima pembe za milima, minara na nyota, kwa kuwa mitambo ya setilaiti inaweza kudanganya au kuzimika. Wazee wa majahazi wa mwambao, waliosafiri kwa kaskazi na kusi hadi Uarabuni, walikuwa na elimu ya nyota na maji ambayo ofisa wa leo hana haki ya kuidharau, ingawa peke yake haitoshi kumpatia cheti.

Ukubwa wa meli za kisasa umeongeza ugumu wa kazi hii. Icon of the Seas, iliyoanza safari za abiria Januari 2024, ina urefu wa takriban mita 365 na ujazo wa jumla wa takriban 248,663, kipimo ambacho hueleza ukubwa wa nafasi zilizofungwa ndani ya meli na wala si uzito wake, na inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 pamoja na wafanyakazi wapatao 2,350. Meli ya namna hiyo hunyanyuka juu ya maji kama jengo refu la ghorofa, na kwa hiyo upepo huishika ubavuni kwa nguvu ambayo meli ya mizigo iliyoshiba shehena haiijui. Ili kuikabili nguvu hiyo, meli nyingi za kitalii za leo hutumia rafadha zilizofungwa kwenye mota zinazoweza kuzunguka upande wowote chini ya tezi, pamoja na rafadha ndogo za pembeni karibu na omo, na nahodha huweza kuisogeza meli gatini akiwa amesimama kwenye ubawa wa chumba cha usukani, akiitazama nafasi iliyobaki kwa macho yake mwenyewe. Ofisa kijana hukaa miaka mingi akitazama na kusaidia kabla ya kuachiwa kazi hiyo.

Jambo linalomtofautisha hasa ofisa wa meli ya kitalii na mwenzake wa meli ya mafuta au ya makontena ni kwamba shehena yake ni watu: wazee, watoto, wagonjwa, wenye ulemavu, na maelfu wasiojua omo ni upande gani. Kwa sababu hiyo sheria za kimataifa humtaka awe na mafunzo ya ziada ya meli za abiria, yanayohusu kudhibiti umati, kusimamia taharuki na kuelewa mwenendo wa binadamu wakati wa hofu. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, ambao toleo lake la kwanza lilizaliwa mwaka 1914 kutokana na msiba wa Titanic, hutaka meli za abiria zifanye mazoezi ya moto na ya kuihama meli kila wiki. Hutaka pia kwamba, abiria wakishakusanyika wakiwa wamevaa majaketi ya kuokolea, maboti yote yanayohitajika yaweze kushushwa majini ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuihama meli itolewe. Dakika hizo 30 ndizo zinazompa ofisa sababu ya kuwafanyisha watu zoezi lilelile kila wiki, bila kujali kwamba abiria wanalalamika na wafanyakazi wamechoka.

Ajali ya Costa Concordia imebaki kuwa somo la lazima kwa kila anayeingia katika kazi hii. Usiku wa Januari 13, 2012, meli hiyo ikiwa na watu zaidi ya 4,200 ilipitishwa karibu mno na kisiwa cha Giglio cha Italia, kinyume cha mpango wa kawaida wa safari, ikagonga mwamba, na amri ya kuihama ikachelewa kwa zaidi ya saa moja. Watu 32 walifariki dunia, na mwaka 2015 nahodha wake, Francesco Schettino, alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Abiria waliopanda jioni ile katika bandari ya Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24, na tangu Januari 2015 sheria imebadilishwa ili abiria wapya wafanye zoezi hilo kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika mwenendo wa chumba cha usukani. Uchunguzi ulionyesha kwamba maofisa waliokuwapo hawakumpinga nahodha ipasavyo wakati meli ikielekea mwambani, na kwa hiyo mafunzo ya leo husisitiza kwamba ofisa wa tatu anayeona hatari ana wajibu, wala si ruhusa tu, wa kusema kwa sauti, na kwamba nahodha ana wajibu wa kumsikiliza. Kampuni ya Carnival ina kituo chake cha mafunzo huko Almere, Uholanzi, ambako maofisa hufunzwa kwa mitambo ya kuigiza kugawana kazi usukanini: mmoja huongoza, mwenzake huhakiki kila amri, na mkuu wao husimama nyuma akiangalia picha nzima.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki somo hili si la mbali. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza Mei 21, 1996, na MV Spice Islander I ikazama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba kutoka Unguja, na katika misiba yote miwili, ambako meli zilikuwa zimepakia kupita kiasi, mamia ya watu walipoteza maisha. Elimu ya uthabiti wa meli, yaani jinsi uzito unavyopaswa kupangwa ili chombo kilicholala upande kiweze kusimama tena, ni sehemu ya msingi ya masomo ya ofisa wa sitaha, na kila kijana anayeipata, hata akifanya kazi Karibi, ni hazina kwa nchi ambayo watu wake huvuka maji kila siku.

Njia ya kukifikia cheo hiki imewekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Viwango vya Mafunzo, Utoaji Vyeti na Uangalizi wa Zamu kwa Mabaharia, unaojulikana kwa kifupisho STCW, uliopitishwa mwaka 1978 chini ya Shirika la Bahari la Kimataifa, ukafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mjini Manila mwaka 2010. Kwa cheti cha kwanza, kinachomruhusu mtu kushika zamu katika meli yenye ujazo wa jumla wa 500 au zaidi, mkataba hutaka awe na umri usiopungua miaka 18, awe amemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa, awe na cheti cha mawasiliano ya redio za dharura, na awe na muda wa bahari usiopungua miezi 12 ndani ya programu ya mafunzo yenye kitabu maalumu cha kumbukumbu, ambapo angalau miezi sita kati yake iwe ya kazi za zamu usukanini chini ya ofisa aliyehitimu. Asiyepitia programu ya namna hiyo hutakiwa kuwa na miezi 36 katika idara ya sitaha. Baada ya hapo, mwenye kutaka cheti cha ofisa mkuu, yaani anayemfuata nahodha, katika meli kubwa huhitaji angalau miezi 12 ya kushika zamu akiwa ofisa, na cheti cha unahodha huhitaji miezi 36, inayoweza kupunguzwa hadi 24 iwapo 12 kati yake ilitumika katika cheo cha ofisa mkuu. Hivi ni viwango vya chini tu, kwani katika meli za kitalii wenye vyeti vya unahodha wanaosubiri nafasi ni wengi.

Afya nayo haina mjadala. Cheti cha afya cha baharia hudumu kwa muda usiozidi miaka miwili, na asiyeweza kutofautisha rangi nyekundu na kijani hawezi kuwa ofisa wa zamu, kwa sababu taa za rangi hizo ndizo zinazoonyesha usiku meli inaelekea wapi. Inapendeza zaidi kijana apimwe macho kabla ya kulipa ada ya chuo kuliko kulijua tatizo hilo baada ya miaka mitatu ya masomo. Hisabati, Fizikia, Jiografia na Kiingereza ndiyo masomo ya shuleni yanayombeba mwanafunzi, na Kiingereza kinahitajika kwa kiwango cha kutoa na kupokea amri bila kusitasita, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi katika meli nyingi za kitalii.

Afrika Mashariki haikosi mahali pa kuanzia. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kinachojulikana kama DMI, kilianza kama kitengo cha mafunzo mwaka 1978 na kikawa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1991. Mombasa ina Bandari Maritime Academy. Na vyeti husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na Kenya Maritime Authority (KMA) kwa Kenya. Fundo gumu liko katika ile miezi 12 ya bahari. Chuo kinaweza kujenga madarasa na kununua mitambo ya kuigiza, lakini hakiwezi kumpatia mwanafunzi wake chumba, chakula na mwalimu ndani ya meli ya kampuni ya kigeni, na nchi zisizo na meli zake nyingi za masafa marefu hujikuta na vijana waliofaulu mitihani ya darasani ambao miaka inawapita wakitafuta mahali pa kukamilishia mafunzo. Hasara hiyo huumiza zaidi ikikumbukwa kwamba ripoti ya mwaka 2021 ya BIMCO, ambayo ni jumuiya ya wenye meli, na Chama cha Kimataifa cha Wenye Meli ilikadiria kuwa dunia ingehitaji maofisa wa ziada 89,510 kufikia mwaka 2026. Nafasi zipo, na wanaozitaka wapo, lakini ngazi ya katikati imekatika.

Kwamba ngazi hiyo inaweza kuungwa kunaonekana katika mifano miwili. Belinda Bennett, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha St Helena katika Atlantiki ya Kusini, alianza ukadeti akiwa na umri wa miaka 17 katika RMS St Helena, meli ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kiungo kikuu cha kisiwa hicho na dunia. Alijiunga na kampuni ya Windstar mwaka 2005, na mwaka 2016 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa meli ya kitalii, akiiongoza Wind Star, meli yenye matanga inayobeba abiria 148. Mfano wake unaonyesha kwamba meli ya kwanza si lazima iwe ya anasa: chombo cha nyumbani kinachofanya kazi ya kila siku, kikiwa na maofisa walio tayari kufundisha, kinatosha kumlea nahodha wa kimataifa, na feri na meli za mizigo za mwambao wetu zingeweza kufanya kazi hiyo kama wenye meli wangelazimishwa na kusaidiwa kupokea makadeti. Mfano wa pili ni wa Nicholine Tifuh Azirh wa Cameroon, aliyetangazwa kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Magharibi kufanya kazi katika chumba cha usukani cha meli ya kitalii, baada ya kampuni ya Celebrity Cruises kuingia makubaliano na Regional Maritime University iliyoko Accra, Ghana. Chuo hicho ni mali ya nchi tano, yaani Cameroon, Gambia, Ghana, Liberia na Sierra Leone, ambazo ziliona busara kujumlisha nguvu, na nafasi ya Azirh haikutokana na bahati ya mtu mmoja bali na mkataba uliotiwa saini.

Haja ya muda wa bahari imewafungulia mlango matapeli, wanaowaahidi vijana ukadeti kwa malipo makubwa kisha kutoweka. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zinazoweza kumwangukia baharia ni za cheti cha afya kinachotakiwa kisheria, kitabu cha ubaharia na pasipoti, na hata viza ni jukumu la mwenye meli. Mkataba huohuo humhakikishia mapumziko ya angalau saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku saba. Kijana anapaswa pia kuuliza bendera ya meli anayoitamani, kwa sababu meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, na kwa kawaida ofisa hawezi kuzifanyia kazi mpaka nchi ya bendera iwe imekitambua cheti cha nchi yake.

Makubaliano ya kupokea meli za kitalii Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, au ya kuzipatia kampuni hizo wahudumu, yanapaswa kuwa na kifungu cha nafasi za ukadeti wa sitaha kila mwaka, kwa wasichana na wavulana, na mamlaka za nchi zetu ndizo zenye nguvu ya kukidai. Mzazi anayempeleka mtoto katika chuo chochote cha bahari naye ana haki ya kuuliza jambo moja kabla ya kulipa ada, na kutoridhika mpaka ajibiwe kwa majina ya meli: wahitimu waliotangulia walipata wapi miezi yao 12 ya bahari?